Kaka wa Matroni

"Riziki, leo nimeletewa posa."

Riziki alikuwa jikoni kwenye bweni la wasichana, simu kaibana kwa bega, mikono yote miwili imo kwenye unga wa chapati. Alicheka.

"Umeletewa posa wewe? Siku hizi wanawake ndio wanaoposa?"

"Posa ni yako," Shabani alisema. "Nimeletewa mimi kwa sababu mimi ni kaka yako."

Kicheko kikamkauka. Aliusukuma mlango wa jiko kwa mguu mpaka ukafungika.

"Nani kaileta?"

"Bi Mwanaisha, yule Mzanzibari wa mtaa wa Abu Hamour. Anamtakia mdogo wake, Mwalimu Khalfan, anayewafundisha wasichana wako hesabu. Kanisimamisha kwenye maegesho, kanisalimia kwa adabu mpaka nikaona haya. Anasema wameuliza nani mwanamume wa kwenu hapa Doha, wakaambiwa ni mimi."

"Ukamjibu nini?"

"Ulitaka nimjibu nini? Kwamba siwezi kumwoza mke wangu?"

Ndiyo, mke wake, na wa halali kabisa. Ndoa ilifungwa Tanga, msikitini. Baba yake Riziki aliozesha, na mjomba wa Shabani akaipokea ndoa kwa niaba ya mpwa wake, maana maharusi wote wawili walikuwa kazini Doha na hakuna aliyepata likizo. Bwana harusi aliisikiliza ndoa yake kwa simu, amekaa kwenye usukani wa basi. Bibi harusi alikuwa bwenini akiwapakulia wasichana uji. Pilau waliila majirani.

Shida ilikuwa kazi. Mpango uliowaajiri ulichukua mabinti wenye vipaji, wa miaka kumi na tano, kumi na sita, ukawaingiza chuo kikuu wakati wenzao bado wanavaa sare za shule. Waliotoka nchi za mbali walilala bwenini, na matroni wao ilikuwa lazima awe mwanamke asiye na mume, alale palepale. Shabani ndiye aliyeendesha basi lao. Ili asiulizwe kila anapomletea mkewe embe getini, Riziki alimwambia mkuu wa bweni, Bi Peninah, kwamba yule dereva ni kaka yake. Ulikuwa uongo wa wiki mbili tatu tu, mpaka wapange mambo yao. Sasa ulikuwa umeingia mwaka wa tatu.

Siku za Ijumaa, wasichana walipopelekwa madukani, Riziki alikaa kiti cha nyuma ya dereva, wakatazamana kwenye kioo. Mara mojamoja alipopata ruhusa ya kutwa, rafiki mmoja mwenye familia aliwaachia chumba. Zaidi ya hapo ndoa yao ilikuwa kioo.

"Mkatalie," Riziki alisema. "Si wewe ndiye kaka? Sema dada yako hataki."

"Nikikataa kama kaka, nitabaki kaka. Leo Khalfan, kesho atakuja mwingine."

"Shabani, wasichana wana mitihani. Ngoja wamalize."

"Mwaka jana ulisema hivyohivyo. Wale wakamaliza, wakaja hawa. Hawa nao watamaliza, watakuja wengine. Mimi nimepata kazi kule Lusail, kuendesha basi la mafundi wa majengo. Naanza Jumapili. Hutaniona tena hata kwenye kioo."

"Mbona hukuniambia?"

"Nakuambia sasa. Na Bi Mwanaisha nimemwambia aje na ndugu yake Alhamisi, baada ya alasiri. Jibu utalitoa wewe, mbele ya watu. Nami nitakuwa nimekaa hapo."

"Unanitega."

"Nimechoka kuishi kibachela na mke ninaye, Riziki."

Akakata simu.

Riziki alimtumia ujumbe: "Umekula?" Hakujibiwa. Akatuma tena: "Baba Fulani, usininunie." Hilo ndilo jina alilokuwa akimwita kwa siri, kwa mtoto ambaye hawajampata. Alama zikageuka buluu, na jibu halikuja.

Jumatano mchana alimkuta Loice amekaa sakafuni kwenye chumba cha kufulia, magoti kifuani, mashine inazunguka bila nguo ndani. Loice alikuwa binti wa Kikuyu mwenye miaka kumi na sita, na maprofesa walikuwa wakigombania awe darasani kwao.

"Imekuwaje tena?"

"Hakuna kitu, Matron."

"Mashine inafua hewa na wewe unasema hakuna kitu?"

Loice alijifuta pua kwa mkono wa sweta.

"Group yetu ya project walienda kukula huko sokoni, Souq. Wote. Nimeona picha. Kazi yenyewe nimewafanyia mimi karibu yote. Ati 'Loice ni mtoi, bado mtoto, hatakubaliwa kutoka.' Hata hawakuniuliza."

"Ungeulizwa ungetoka?"

"Ningekataa. Lakini ningekuwa nimeulizwa."

Riziki akakaa sakafuni pembeni yake. Wasichana wake walikuwa hivyo wote. Chuoni walikuwa watoto mbele ya watu wazima, na nyumbani marafiki wa rika lao waliacha kuwapigia, kwa kuwa hawakuwa na la kuzungumza nao tena. Kwa hiyo jioni walirudi bwenini na kumrundikia Riziki kila kitu: nywele za kusukwa, ndoto mbaya, vipele, barua za mama. Bweni zima lilimwita kutwa, na hakuna hata mmoja aliyejua kwamba ana mume. Kuna siku alitamani mtu amwulize tu, amejifungia chooni analia nini.

"Matron, ni ukweli Mwalimu Khalfan anataka kukuoa?"

"Nani kakuambia?"

"Hii hostel hakuna siri. Usikubali, tafadhali. Ukienda watatuletea mtu hatumjui. Mimi nitaongea na nani?"

Riziki alimvuta kichwa, akakilaza begani. Shabani alikuwa na miaka thelathini na moja na aliweza kujipikia. Huyu hakuweza hata kulia bila kujificha. Ndivyo alivyojiambia siku zote, na alijua fika kwamba ni kisingizio. Bwenini alikuwa na hakika anahitajika. Kwa Shabani aliogopa kufika na kukuta amezoea kuishi bila yeye.

Alhamisi ikafika. Bi Mwanaisha aliingia sebule ya bweni na baibui jipya, harufu ya udi ikimtangulia. Mwalimu Khalfan alikuwa nyuma yake, mpole, aliyefiwa na mkewe, ameshika sinia la halua. Bi Peninah alikaa kwenye kochi kubwa kama mama wa binti, uso umemchangamka. Na Shabani alikuwa na kanzu iliyopigwa pasi, amekaa mahali pa kaka. Hakumtazama Riziki.

"Sisi tumekuja kwa hodi," Bi Mwanaisha alianza. "Tumeona ua kwenu, nasi twaliomba. Kaka mtu, wasemaje?"

"Karibuni," Shabani alisema. "Mwenyewe yupo. Muulizeni yeye."

"Umefanya jambo la maana. Wengi hawaulizi." Akamgeukia Riziki, sauti ikalainika. "Mwanangu, kaka yako kakuachia neno. Mdogo wangu si mgeni kwako. Wamtaka, ama humtaki?"

Riziki akafungua mdomo. Kwenye kioo cha mlango aliziona nyuso za wasichana zimebanana, Loice mbele yao wote, anatikisa kichwa taratibu. Bi Peninah alikuwa anatabasamu. Shabani aliangalia zulia. Lilikuwa neno moja tu la kusema, na baada yake asingekuwa na kazi, wala kitanda, wala mabinti.

Akanyamaza.

Alinyamaza mpaka Bi Mwanaisha akapiga makofi.

"Basi! Mwanamwali akinyamaza keshakubali." Akapiga kigelegele kilichofika mpaka getini. "Kaka mtu, mpe mkono shemeji yako."

Mwalimu Khalfan akasimama, akanyoosha mkono. Shabani aliutazama, kisha kwa mara ya kwanza akamtazama Riziki. Hakuonekana na hasira, na hilo ndilo lililomtia Riziki baridi.

"Nisamehe, Mwalimu," Shabani alisema. "Mimi siwezi."

Akavaa kandambili zake mlangoni, akatoka. Wasichana wakampisha.

"Ana nini huyu?" Bi Mwanaisha aliuliza.

"Bi Mwanaisha, mimi sikukubali."

"Hukukubali vipi nawe umenyamaza?"

"Nimenyamaza kwa woga. Yule si kaka yangu. Ni mume wangu."

Sinia la halua lilikuwa mezani na watu wote wakawa wanaliangalia hilo.

"Ati mumeo?" Bi Mwanaisha alikaa polepole. "Yaani mie nimekwenda kumposa mke wa mtu, na aliyeniitikia salamu ndiye mume mwenyewe? Na kigelegele juu?"

"Dada, inuka twende," Mwalimu Khalfan alisema. Alikuwa amevunjika uso, lakini hakuinua sauti. "Riziki, mimi nimemnyooshea mkono bila kujua. Nikikutana naye nitamtaka radhi. Wewe mfuate kwanza."

Riziki alikimbia mpaka getini. Mlinzi akamwonyesha barabara tupu. Simu iliita mpaka ikakatika. Akaandika: "Shabani, nimesema. Wote wamejua."

Jibu lilikuja safari hii.

"Mimi nilikuwepo ulipoulizwa. Jibu nililisikia."

Bi Peninah alimkuta amekaa kwenye ngazi.

"Mna cheti?"

"Kipo. Tanga."

"Riziki, kwani mimi ni mtu wa kuogopwa hivyo? Miaka hii yote namsalimia bwanako namwambia 'salimia dada'. Umenifanya mjinga."

"Nilijua ukijua nitaondoka."

"Na utaondoka. Sheria si yangu." Akakaa naye kwenye ngazi, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. "Nitakuombea ruhusa ya kuhamia kazi nyingine. Nitaandika kwamba wasichana walikupenda, kwa sababu ni ukweli. Lakini hapa huwezi kubaki."

Kesho yake, baada ya sala ya Ijumaa, Riziki alilikokota sanduku lake mpaka getini. Wasichana walisimama kwenye ngazi wamejikunyata. Loice peke yake ndiye aliyemsindikiza, analisukuma sanduku kwa nyuma.

"Si ungetuambia tu, Matron? Tungekuficha poa."

"Ndiyo maana sikuwaambia."

"Unampenda sana?"

"Sana. Lakini nilimnyima kiti nikawapa nyinyi, kila siku, na yeye akasimama akingoja. Jana amechoka."

Loice aliangalia viatu vyake. "Sasa mimi nitaongea na nani?"

"Nipigie. Na wale wa project, kabla hawajakuuliza, waulize wewe. Waambie unataka kwenda. Usingoje mtu akukisie moyo wako, utangoja sana."

Alipolisema hilo alijisikia vibaya, kwa kuwa yeye mwenyewe alikuwa amechelewa kulijua.

Huko mtaa wa Al Mansoura, Riziki alipanda na sanduku ngazi za jengo walimopanga kina Shabani, akagonga. Alifungua mwanamume mrefu mwenye taulo begani, na nyuma yake vitanda vya ghorofa vilipangwa ukuta hadi ukuta. Huyu alikuwa Njenga, aliyelala kitanda cha juu ya kile cha Shabani. Riziki alikuwa akimsikia kwenye simu akikoroma.

"Namtafuta Shabani."

"Wewe ni nani wake?"

"Mke wake."

Njenga alimtazama, akalitazama sanduku.

"Shaba hana bibi. Huyu tunamwitaga bachela wa Tanga."

"Anaye. Mwambie mke wake yupo mlangoni."

Njenga akageuka, akapaza sauti ndani. Vicheko vya wanaume vikazimika. Riziki alingoja. Aliweza kusikia redio, maji ya bomba, mtu akikohoa. Alifikiria kwamba huenda asitoke, na kwamba angekuwa na haki.

Shabani akatoka, viatu mkononi. Macho yalikuwa mekundu.

"Humu ni wanaume watupu. Huwezi kuingia."

"Najua."

"Pa kukupeleka sina, Riziki. Nilijiandaa kukupoteza, sikujiandaa kukupokea."

"Sikuja kutafuta pa kulala. Bi Peninah kanipatia wiki moja kwa rafiki yake. Nimekuja kwako."

"Umekuja kwa kuwa wamekufukuza."

"Wamenifukuza kwa kuwa nimesema wewe ni nani. Ningekaa kimya ningekuwa bado na funguo."

Shabani alivaa viatu bila kufunga kamba.

"Ulinyamaza, mke wangu. Nilihesabu moyoni nikisema sasa atasema, sasa atasema. Mpaka yule mama akapiga kigelegele."

"Najua. Nitaishi nalo."

"Siku zote hizi nilijiambia una haya tu. Jana nikaona labda huoni fahari kuwa na mimi."

"Niliogopa, Shabani. Kule najua kazi yangu. Kuwa mke wako sijui, sijawahi kuifanya hata wiki moja nzima. Niliogopa nisiiweze."

Shabani alitangulia kushuka, naye akamfuata na sanduku lake, ngazi kwa ngazi. Chini kulikuwa na kamkahawa ka chai ya maziwa, kamejaa wanaume wa mapumziko ya Ijumaa. Ndani zaidi, nyuma ya pazia la kijani, zilikuwapo meza chache za watu wenye familia. Mhudumu, kijana wa Kihindi, aliweka mkono mlangoni akawaangalia, mmoja baada ya mwingine.

"Family?" aliuliza.

Shabani aliinamisha macho chini, kama alivyofanya sebuleni. Riziki akaona anangoja yeye aseme.

"Family," Riziki alisema. Halafu akaendelea kwa Kiswahili, kwa sauti ambayo meza zote ziliisikia: "Huyu ni mume wangu. Anaitwa Shabani. Nimeolewa naye."

Kijana akatikisa kichwa bila kuelewa, akafunua pazia.

"Hajui Kiswahili huyo," Shabani alisema.

"Sikumwambia yeye."

Shabani akamtazama bila kioo katikati yao, kisha akalichukua sanduku mkononi mwake, wakaingia.