Kocha Aliyetokea Benchi

Kila siku baada ya masomo, Mshale alibeba mfuko wa mipira na mama yake mdogo akabeba ufagio. Uwanja wa mpira wa kikapu wa shule yao ulikuwa wa saruji, na upepo uliujaza mchanga. Mama mdogo, ambaye ndiye aliyekuwa kocha, hakuruhusu mtu adunde mpira kabla uwanja haujafagiliwa. Alifagia mwenyewe, filimbi ikining'inia shingoni kwa kamba ya kiatu.

Mshale aliitwa hivyo kwa sababu ya mbio zake. Akishika mpira kwa mkono wa kulia, hakuna aliyemfikia. Mkono wa kushoto ulikuwa habari nyingine. Wenzake walipoanza kudunda kwa mkono huo, yeye aliinama akajifanya anafunga kamba za viatu.

"Kamba zako zina ugonjwa gani?" Kidoti, mchezaji mwenzake wa ulinzi, alimuuliza siku moja. "Kila tukifika zoezi hili zinafunguka."

Mshale alimjibu kwamba yeye hahitaji zoezi hilo. Mama yake mdogo alikuwa nyota wa timu ya chuo, mfungaji asiyekosa, na kipaji hicho kimo katika damu ya ukoo. Hakuna aliyemwambia hayo. Aliona tu picha sebuleni, mama mdogo kavaa jezi ya chuo, na mengine akajitungia.

Mechi dhidi ya shule jirani ilikuwa inakaribia, na mshindi angeingia fainali. Mshale alitaka kitu kimoja tu, kuwa miongoni mwa watano wa kuanza. Kocha alipowataja, jina lake halikuwamo. Jioni hiyo nyumbani alikaa mezani amenuna, akikichezea chakula.

"Mama mdogo, unanionea kwa sababu mimi ni mtoto wa nyumbani," alisema mwishowe.

"Hapa wewe ni mwanangu. Uwanjani ni mchezaji wa mkono mmoja. Kula, chakula kinapoa."

Siku ya mechi, kocha wa shule jirani alishuka kwenye basi na kumkumbatia mama mdogo. Walikuwa wamecheza pamoja chuoni. Aliwageukia wasichana akawaambia, huku akicheka, kwamba kocha wao aliitwa Mlinzi wa Chupa, kwa kuwa miaka karibu yote ya chuo alikaa mwisho wa benchi, pembeni ya chupa za maji. Mama mdogo naye alicheka. Kidoti alimgeukia Mshale, na Mshale akatamani ardhi ipasuke.

"Ni kweli, Kocha?" aliuliza walipokwenda kuketi. Uwanjani hakumwita mama mdogo.

"Kweli tupu. Hamkuniuliza, mlikuwa mnasimuliana wenyewe."

Kisha alimweleza kwa kifupi, macho yake yakiwa uwanjani. Mwanzoni alilia kwa kuwekwa benchi. Alipochoka kulia, akaanza kutazama. Siku moja kocha wa chuo alimsikia akinong'ona jinsi ya kumzuia mpinzani mmoja, akajaribu ushauri huo, ukafaa. Tangu siku hiyo alimketisha kando yake, na baadaye akamkabidhi wachezaji wapya awafundishe. Alipomaliza masomo akawa msaidizi wa kocha katika klabu moja, na kutoka huko akaja shuleni hapa.

"Sasa kaa hapa," alimalizia. "Niambie unachokiona, siyo unachokitaka."

Mchezo ulianza vibaya. Msichana mmoja mrefu mwenye jezi ya njano alifunga mfululizo, na Kidoti akabaki akimkimbiza nyuma. Kwa muda Mshale alitazama viatu vyake tu. Kisha akainua uso na kumfuatilia yule wa njano. Kila mara alipita upande wa kulia. Alipobanwa upande huo, alisimama na kuushika mpira kwa mikono miwili, akitafuta wa kumpasia. Mshale aliujua vizuri mtindo huo. Ulikuwa wake.

Alisita. Kuusema kulikuwa sawa na kujisema.

"Kocha, hana mkono wa kushoto," alisema kwa sauti ndogo. "Kama mimi."

Mama mdogo aliomba mapumziko. Hakueleza chochote, alimsukuma Mshale mbele ili amweleze Kidoti mwenyewe. Mchezo uliporudi, Kidoti aliuziba upande wa kulia, na yule wa njano akakwama. Timu ya Mshale ilifikia pointi za wapinzani polepole, ikashinda kwa kikapu kimoja. Mshale hakuingia uwanjani hata dakika moja.

Watu walipotawanyika, alichukua mpira na kuudunda kwa mkono wa kushoto. Ulimgonga mguuni, ukabingirika hadi getini.

"Naona kamba zimepona," Kidoti alisema, akaukimbilia na kumrudishia.

Mshale alidunda tena, na mpira ukamtoroka tena. Mama mdogo aliegemea ufagio akimtazama.

"Wengi walikaa kwenye benchi lile la chuo," alimwambia, "na si wote waliojifunza kitu. Mimi nilisonga mbele nilipoacha kununa na kuanza kufanya kazi niliyoiweza. Leo umeiona kasoro yako na umeitaja mbele ya wenzako. Kilichobaki ni mazoezi, na hayo hakuna atakayekufanyia. Hata kama ningekuwa nyota kweli, mwanangu, sifa zangu zisingekudundia mpira."