Bastola Iliyorudi Imetengenezwa

Bastola namba kumi na nne ilirudi Jumatano asubuhi, ikiwa nzuri kuliko siku ilipoibwa.

Hilo ndilo lililomnyima raha Inspekta Humoud. Mwizi anayeiba alikuwa anamwelewa. Mwizi anayerudisha, labda ameingiwa na hofu. Lakini mtu anayeiba kitu kibovu, akakitengeneza, kisha akakirudisha kwa wenyewe? Miaka kumi na tisa ya upelelezi hapa Dubai ilikuwa haijamkutanisha na kiumbe wa namna hiyo, naye alitamani sana kumwona.

Bastola yenyewe ilikuwa ya bei rahisi kuliko zote katika klabu ya kulenga shabaha. Walipewa wanaoanza kujifunza, kwa sababu wazoefu waliikataa. Kifyatulio kilikuwa kizito, mpini unateleza, na kinundu cha mbele cha kulengea hakionekani vizuri. Ilitoweka Jumatatu. Jioni hiyohiyo mtunza ghala la silaha, Mtanzania mmoja aitwaye Fanuel, akatiwa mahabusu, maana funguo zilikuwa kiunoni kwake tu. Kafeel wake, mdhamini wa visa yake, hakungoja kesi. Alikwisha jaza fomu za kufuta visa, na zingepelekwa Alhamisi saa nane mchana.

Sasa kisanduku cha bastola kimekutwa chini ya kochi la mapokezi ya klabu. Ndani yake, juu ya bastola, mlikuwa na vipande viwili vya kitu cha rangi ya waridi, vimefungwa katika karatasi safi.

"Sumu," alisema Koplo Musab, msaidizi wake.

"Kashata," alisema Humoud. Mama yake alizaliwa Unguja, na Kiswahili alikinyonya pamoja na maziwa.

Musab alizipeleka maabara hata hivyo. Majibu yakaja baada ya saa tatu: sukari, nazi, iliki. Bibi yake Humoud angeyatoa kwa kunusa tu.

"Basi ni mwenzake Fanuel," Musab alisema. "Kashata ni za kwao."

"Huenda."

Mtaalamu wa silaha wa maabara, Maha, alikuwa amekwisha ifungua bastola. Alama za vidole hakuna, imefutwa yote. Mpini umevishwa ngozi nyembamba, ukashonwa kwa mkono ili ukae katika kiganja kidogo.

"Kifyatulio kimelainishwa, lakini usalama wake haukuguswa," alisema Maha. "Huyu hakutaka kuua mtu. Ametengeneza silaha ya mwanafunzi. Sasa tazama."

Alizima taa. Gizani, kinundu cha mbele kikawaka kijani.

"Rangi gani hiyo?"

"Ile inayopakwa kwenye mishale ya saa. Na kuna hii." Aliwasha taa, akampa kioo cha kukuzia. Chini ya ngozi, kwenye chuma, palikuwa na mkwaruzo mdogo kama mguu wa sisimizi: herufi na tarehe.

Humoud alicheka peke yake. Mafundi saa wa zamani ndivyo wanavyofanya. Kila saa wanayoifungua wanaikwaruza ndani ya mfuniko, ili ikirudi waijue. Mkono uliozoea hivyo miaka arobaini hauulizi ruhusa ya mwenyewe.

Alhamisi saa nne alimtoa Fanuel mahabusu. Kijana alikuwa na macho mekundu na shati lililokunjamana.

"Fanuel, ukiazima sahani kwa jirani, unairudishaje?"

"Naiosha, afande."

"Unairudisha tupu?"

"Sasa niirudishe na nini?"

Humoud alimtazama Musab. Fanuel hakuijua desturi hiyo: nyumbani kwa bibi yake Humoud, chombo cha watu hakikurudishwa kitupu. Hata kama ni tende tatu, zilitiwa. Aliyeichukua bastola ile alikuwa, moyoni mwake, ameiazima.

"Saa ya ukutani iliyomo ghalani, nani anaitengeneza?"

Fanuel aliinamisha kichwa.

"Nimekuuliza."

"Mzee Amour, afande. Alikuja Jumatatu."

"Ulimwacha peke yake?"

"Dakika tano. Nilikwenda kumletea maji, alikuwa anatetemeka mikono."

"Jumatatu ulisema hakuingia mtu!"

"Kumwacha mtu ghalani ni kosa, ningefukuzwa. Halafu afande, mzee wa watu yule! Binti yake ni mwanafunzi wangu, namfundisha kulenga baada ya kazi. Ningemtaja vipi?"

"Umemlinda aliyekufungisha," alisema Humoud. Fanuel alitikisa kichwa. Alikuwa bado hajaamini kwamba mzee ndiye aliyeiba.

Duka la saa la Amour lilikuwa Al Muraqqabat, limebanwa kati ya hoteli ndogo na duka la simu. Mzee alikuwa na kofia ya kiua na kioo cha fundi jichoni. Humoud alimwamkia, "Shikamoo," kisha akaweka mezani picha ya ule mkwaruzo.

Amour aliitazama kwa muda. Akavua kioo.

"Marahaba, mwanangu. Ngoja nifunge duka."

Chumba cha mahojiano kilikuwa na saa ukutani. Ilikuwa saa saba kasoro robo.

"Uliichukua wewe?"

"Mimi. Nikairudisha mimi, jana, nilipokwenda kutazama saa ya mapokezi."

"Kwa nini?"

"Binti yangu anajifunza pale. Mama yake alipofariki, nyumba yangu ilinyamaza miaka miwili, wallahi. Siku ya kwanza aliyotoka klabuni alirudi anacheka. Kisha wakampa ile kumi na nne. Akawa anarudi kidole kimechubuka, hasemi. Leo ni mchujo wa timu ya wanawake. Nilimwomba meneja niitengeneze bure. Akaniambia, 'Khalas, mzee, bastola si saa.'" Alitazama mikono yake. "Nimeifanya siku mbili. Hakuna kazi nzuri niliyoifanya mwaka huu kuliko ile."

Humoud aliikubali kazi hiyo moyoni. Alikasirika vilevile.

"Ulijua kuwa bastola ni kielelezo cha kesi, na leo isingetumika?"

Mzee alishtuka. "Sikujua."

"Na Fanuel? Ulijua yuko ndani?"

"Nilisikia jana, pale mapokezi."

"Ukaondoka zako."

"Nikasema, siku moja tu. Mchujo upite. Matokeo yanatoka jioni, Inspekta. Nitatia saini maelezo jioni. Nikitia sasa watamfuta, watasema babake ni mwizi."

"Saa nane visa ya Fanuel inafutwa. Jioni atakuwa njiani kwenda uwanja wa ndege."

Humoud alimsogezea karatasi ya maelezo na kalamu. Amour aliitazama kalamu, lakini hakuigusa.

Mlango ukagongwa. Musab akachungulia.

"Inspekta, kuna msichana benchini tangu saa moja asubuhi. Anataka kumtolea ushahidi Fanuel. Nimemwambia aende zake, hataki. Anaitwa Kuruthum Amour."

Mzee aliinuka nusu, akaketi tena.

"Mlete," alisema Humoud.

Kuruthum aliingia na abaya lake, mkoba wa mazoezi begani. Alianza kusema kabla hajamwona aliyekaa. "Fanuel si mwizi. Ndiye aliyenifundisha, kila siku alibaki nami nusu saa bila malipo..." Akakatika. "Baba?"

"Mchujo, mwanangu," alisema Amour. "Hukwenda kwenye mchujo?"

"Nitalenga nini, na mwalimu wangu yuko ndani?" Aliitazama picha iliyokuwa mezani. Mkwaruzo ule aliujua. Ulikuwa ndani ya saa yake mwenyewe. Alibaki amesimama.

"Nilikufanyia wewe," alisema mzee. "Nilitaka imalizike leo tu."

Msichana hakupaza sauti. Ingekuwa nafuu kama angepaza.

"Baba, mchujo uko tena Septemba. Fanuel ana visa moja."

Saa saba na nusu. Amour alifunika uso kwa viganja, akalia kidogo, kilio kikavu cha mtu mzima. Kisha akanyoosha mkono.

"Nipe hiyo kalamu, Inspekta. Na simu mpigie kafeel sasa hivi. Mimi naandika."