Kipindi Kisicho na Maswali

Kila jioni, kabla vikombe vya chai havijakusanywa, bwalo letu lilipata taarifa ya habari bila kuiomba. Mtangazaji alikuwa mvulana wa darasa la sita tuliyemwita Redio, kwa sababu hakuwa na swichi ya kuzimia. Alipanda juu ya benchi, akashika kijiko mbele ya mdomo, akatangaza kwa sauti nzito kwamba soksi moja ya kijani imetoroka bweni la pili na inasakwa usiku na mchana. Matroni alimwamuru ashuke. Alishuka, lakini taratibu, kama rais anayeshuka ngazi za ndege.

Siku hizo darasa letu lilikuwa na pengo. Chenga, msichana aliyepata jina hilo kwa jinsi alivyowapita mabeki uwanjani, alikuwa amevunjika mguu. Hakuuvunja uwanjani. Aliteleza bafuni, jambo alilotukataza kabisa kulisema hadharani. Sasa alikuwa kwao, mguu umefungwa plasta, na mtihani wa kufunga mwaka ulikuwa unakuja. Sheria ya shule ilikuwa fupi: anayefeli hesabu anarudia darasa.

Asubuhi moja mwalimu wa hesabu aliweka kinasa sauti kidogo mezani.

"Tutamrekodia mwenzenu masomo," alisema. "Mimi nitafundisha kama kawaida. Ninyi mtarekodi, mtapunguza yasiyohitajika, mtampelekea. Nani atasimamia?"

Redio alikuwa amesimama kabla swali halijaisha.

Studio ilikuwa stoo ya magodoro, chumba pekee shuleni kisicho na mwangwi. Humo Redio alirekodi utangulizi, ameketi juu ya magodoro kama mfalme mwenye mgongo mbovu. Somo lenyewe lilirekodiwa darasani: kugawanya sehemu kwa sehemu. Mwalimu aliandika ubaoni, huku akisoma kwa sauti, nusu gawanya kwa robo.

"Hii hapa inabaki," alisema, akinyoosha kidole. "Ile pale inageuka, ya juu inakwenda chini. Kisha tunazidisha. Jibu ni mbili."

Mkono ukanyooshwa. Ulikuwa wa Kwanini, kijana mpole mwenye ugonjwa mmoja tu: hakuweza kulala na swali tumboni.

"Mwalimu, ipi hasa inageuka? Na kwa nini tumegawanya, halafu jibu likawa kubwa kuliko tulichoanza nacho?"

Darasa likaguna. Mwalimu akaeleza, akachora, akafuta, akaeleza tena.

Mchana, kwenye kompyuta ya maktaba, Redio alianza kukata. Alikata kikohozi. Alikata mlio wa chaki. Kisha akakata maswali yote ya Kwanini, pamoja na majibu yake.

"Huyo si mimi unayenifuta?" aliuliza Kwanini, aliyekuwa amesimama nyuma yake.

"Kaka, unatuharibia kipindi. Msikilizaji atadhani darasa zima halielewi."

"Kwani linaelewa?"

"Ndiyo maana nakata!"

Kilichobaki kilikuwa laini kama siagi. Kilianza kwa ngoma, yaani ndoo ya kufulia, na kikaisha kwa Redio kuwashukuru wasikilizaji wake popote pale walipo duniani. Tulikipigia makofi. Mwalimu, aliyekuwa amezama kwenye rundo la madaftari ya kusahihisha, alisema kiende tu, atakisikiliza baadaye.

Kilichukuliwa na baba yake Chenga, dereva wa gari la mikate, ambaye alishusha mikate jikoni kwetu kila asubuhi. Aliitia kadi ya kumbukumbu yenye kipindi kwenye mfuko wa shati, akaufunga kwa kifungo kama mtu aliyebeba almasi.

Alipotuita siku chache baadaye, hakuwa na utani wake wa kawaida.

"Shikamoo, mzee," tulisema.

"Marahaba, wanangu. Mwenzenu amejibu. Msikilizeni wenyewe, mimi hesabu ninayoijua ni ya mikate."

Alibonyeza simu yake. Sauti ya Chenga ikatoka.

"Halo, Redio. Kipindi chako kizuri mno, mama amekipigia makofi. Sasa niambie, 'hii hapa' ndiyo ipi? Mwalimu anaonyesha ubao, mimi nimelala natazama dari. Nimegeuza ya kwanza, nimekosa. Nimegeuza zote mbili, nimekosa vizuri zaidi. Na Kwanini yuko wapi? Anaumwa? Kipindi kizima hajauliza kitu! Basi nikajua wote mmeelewa, mjinga ni mimi peke yangu. Mtapanda darasa mniache. Baba, zima."

Dereva alizima. "Jana alijifunika shuka usoni, akasema hana akili. Tangu azaliwe sijawahi kumsikia akisema hivyo."

Tulimgeukia Redio.

"Si umweleze wewe?" alisema mmoja wetu. "Umekisikiliza hicho kipindi hadi kimechakaa."

"Rahisi," alisema Redio. "Inageuka ile... ile ya..."

"Ya wapi?"

"Ya pale."

Hapo ndipo alipogundua, na sisi tukagundua pamoja naye, kwamba alikuwa amehifadhi utangulizi wote kichwani, ila somo halimo.

Alimkuta Kwanini bombani akifua soksi.

"Ndugu yangu, twende studio."

"Studio yako ina mkasi. Mwambie Chenga naumwa."

"Amekuulizia wewe. Anadhani asiyeelewa ni yeye tu." Redio aliangalia viatu vyake. "Na mimi pia sielewi. Nilikuwa na sauti nzuri, basi."

Kwanini alikamua soksi, bila haraka.

"Hayo ya mwisho utayasema kwenye kinasa sauti?"

"Nitayasema."

Mwalimu alipopata habari, alikuja mwenyewe stoo ya magodoro na mkate mmoja, akatoa amri: hakuna ubao, hakuna kunyoosha kidole.

"Wasikilizaji," Redio alianza, safari hii bila ndoo, "mtangazaji wenu haelewi kugawanya sehemu. Tuanze."

"Chenga, chukua mkate," alisema mwalimu. "Ukate nusu. Nusu moja iweke kando. Katika nusu uliyobaki nayo, zimo robo ngapi?"

"Mbili," alisema Kwanini. "Kwa hiyo kugawanya hapa ni kuuliza zimo ngapi?"

"Hasa."

"Lakini mwalimu, hizo mbili si mikate miwili?" aliuliza Redio.

"Ni vipande viwili, kila kimoja robo."

"Aa! Kumbe mkate haukui, tunahesabu vipande!"

"Na kugeuza kunatoka wapi?" Kwanini hakuachia.

"Mkate mzima una robo nne. Nusu mkate itakuwa na nusu ya hizo nne, yaani mbili. Ndiyo sababu sehemu inayotajwa ya pili, ile tunayogawanya kwayo, inageuka: robo inakuwa nne, kisha tunazidisha."

Mlango ukafunguka kwa kishindo.

"Nani anakula mkate juu ya magodoro yangu?" alifoka matroni.

"Ni hesabu, matroni," alijibu mwalimu, mdomo umejaa hesabu.

Hawakukata hata hapo.

"Nyumba yangu imejaa vipande vya mkate," alilalamika dereva asubuhi iliyofuata baada ya kumpelekea kipindi hicho, huku akicheka, "na nimeamriwa kuvila vyote." Chenga alituma maswali mapya, tukamjibu kwa kipindi kingine, kisha kingine. Siku ya mtihani aliingia darasani na magongo yake. Hakuwa wa kwanza, lakini alipata alama za kupanda darasa na ziada kidogo ya kujisifia. Redio naye alishangaza watu, akiwemo yeye mwenyewe.

Siku ya matokeo mwalimu alisimama mbele yetu.

"Kipindi cha kwanza kilikuwa kitamu, na mimi nilikiruhusu kiende bila kukisikiliza. Hilo ni kosa langu," alisema. "Lakini mkumbuke jambo moja. Kilichotaka kumkatisha tamaa mwenzenu si ugumu wa hesabu. Alitaka kukata tamaa kwa sababu tulimfanya aamini yuko peke yake. Ukijifanya umeelewa, unajidanganya mwenyewe, na unamfungia mlango aliye nyuma yako. Ukisema 'sielewi', umeanza kazi, na huenda umemsaidia mtu usiyemwona. Kuna swali?"

Kengele ya mapumziko ililia. Kwa mara ya kwanza tangu shule ijengwe, hakuna aliyekimbia. Kwanini alikuwa amenyoosha mkono, Redio amenyoosha mikono miwili, na Chenga, aliyekaa nyuma kabisa na hakutaka kupitwa, alikuwa amenyoosha gongo.