Hodi za Kadi Iliyong'olewa

Sogeeni, wajukuu zangu, na mwenye kikohozi akakimalizie nje. Nyamazeni mpaka kila mtu asikie pumzi yake. Haya.

Alikuwepo mama mmoja, kazi yake kukagua kiini cha mfumo wa kompyuta, kule ndani kabisa kunakoamuliwa nani apite na nani akae. Kazini kwao kompyuta moja kubwa ilibeba kompyuta nyingine za kufikirika tu, wakaziita wageni. Mgeni akihitaji kadi ya kweli, kile kibao cha vifaa kinachochomekwa ndani ya kompyuta, anakabidhiwa aitumie mwenyewe. Sasa kadi ikiwa na neno hupiga hodi, na kiini huacha kila kitu kikaitikie. Kwa hiyo kila mlango wa kadi lazima uwe na mlinzi, mgeni asije akapiga hodi kwa jina la mwenye nyumba.

Asubuhi hiyo mama aliiuliza mashine mara moja, kwa jumla: walinzi wapo? Ikajibu wapo. Akaweka sahihi, mgeni akapewa kadi.

Mchana wakaing'oa ile kadi ya mlango wa saba waisafishe, wakailaza mezani. Kwenye skrini mlango wa saba ukaendelea kupiga hodi. Tatu, kimya. Tatu, kimya.

"Kidevu," mama akamnong'oneza mwenzake wa kazi, "umeirudisha kadi?"

"Si hiyo mbele yako, dada? Au njaa?" Kidevu akacheka, kisha akakunja pua. "Nani kaacha nguo mbichi humu?"

Kesho yake hodi zikamjia mama mwenyewe, chini ya mbavu. Akimimina chai, tatu, basi anaweka birika na kusimama akitazama ukuta. "Naam," anasema. Hakuogopa, wanangu, na hapo ndipo palipokuwa pabaya. Mikono yake ilikuwa kama ya kuazima.

Jumamosi, jua limewaka, alikuwa akimwogesha mwanawe wa miezi saba, mkono mmoja shingoni mwa mtoto, mwingine unachota maji, na harufu ya nguo mbichi ikapanda kutoka kwenye beseni lenye sabuni, zikaja tatu chini ya mbavu, ule mkono wa shingoni ukafunguka polepole kama mlango usio na komeo, naye akainuka, akatembea hadi ukutani, akasema naam.

Mama mkwe ndiye aliyemkuta mtoto, maji yamefika mdomoni.

"We mwanamke! Umemwachia nani mtoto humu?"

"Niliitwa, mama."

"Na nani?"

"Sijui. Nikiitwa, naenda."

Mama mkwe alikuwa matroni wa bweni miaka ishirini. Alimkausha mtoto, akamkumbatia, akaketi naye sakafuni. "Ilianza kazini? Hebu nieleze." Akaelezwa yote. Akauliza kwa sauti ya chini, "Hao walinzi wako uliwaulizaje?"

"Kwa jumla."

"Mwanangu! Simama koridoni uulize, 'Wasichana, mmefunga milango?' Watakujibu bweni zima, na mmoja yuko dirishani na viatu mkononi. Mimi nilikuwa nashika kitasa kimoja kimoja. Inuka, twende."

Wakaenda kazini, mtoto mgongoni mwa bibi yake. Mama akaandika ukaguzi upya, uulize kila mlango peke yake. Wa kwanza, mlinzi yupo. Wa pili, yupo. Wa saba ukakawia, ukajibu: hakuna, wala hajawahi kuwepo. Akaufunga, usikabidhiwe mgeni yeyote. Hodi zikakoma. Harufu ikaondoka. Kidevu akapiga makofi, na bibi akashusha pumzi.

Jioni mtoto akalia njaa. Mama alikaa hatua mbili kutoka kwake, akimtazama.

"Mtoto analia!" mama mkwe akasema.

"Namwona anafungua mdomo."

"Mchukue basi!"

"Haniiti, mama. Hakuna kinachoniita."

Jini aliyekuwa akipiga hodi alitoka, wajukuu zangu, ila alitoka na mlango wa mama mwenyewe.

Kidevu alirithi kiti cha mama kazini, na mpaka leo anauliza mlango mmoja mmoja. Bibi alirithi mtoto, kumlisha na kumbembeleza. Na mama yule alirithi kimya chote kilichobaki.