Msikilizaji wa Alhamisi

Kikombe cha tatu kilikuwa kikavu. Huwaida alikigeuza, akakinusa, akakirudisha kwenye sinia. Kila Alhamisi baada ya alasiri alimimina kahawa vikombe vitatu: chake, cha bibi yake Bimdogo, na cha mgeni, maana katika nyumba ile ya Nguvumali kahawa hainywewi bila kuwekewa mtu ambaye huenda akapita. Kawaida hicho cha mgeni hupoa kikamwagwa uani. Leo hakikuwa hata na mashapo.

"Bibi, umekunywa kahawa ya mgeni?"

"Mimi kikombe cha pili hunipeleka moyo mbio, wajua. Si kanywa mwenyewe mgeni?"

"Mgeni gani?"

"Huyo aliyebisha hodi ukisoma. Nikamwambia karibu, pita, kaa. Hukumsikia?"

Huwaida hakumsikia. "Kabisha mara ngapi?"

Bimdogo akasita. "Mara moja tu."

Pale kwao kila mtoto huonywa kwamba hodi ya mara moja haiitikiwi, na udi ukiwa unafuka ndiyo kabisa. Bimdogo alikuwa kipofu mwaka wa saba sasa, na alifurahi mno akipata mtu wa kuzungumza naye, hata akasahau alichowafundisha watoto maisha yake yote.

Usomaji huo wa Alhamisi ulikuwa ndio raha ya nyumba. Huwaida alikuwa mshonaji wa sare za shule, na shoga yake Sabiha wa Muheza alimtumia kwa basi, kila Ijumaa, riwaya moja ya upelelezi iliyochakaa, ndani ya mfuko wa machungwa. Basi mauaji yote aliyoyajua Huwaida yalinukia maganda ya machungwa. Jumamosi anaanza, sura mbili tatu kwa siku, akimsomea bibi yake kwa sauti. Jumatano kitabu kinafungwa, kila mmoja anamtaja anayemshuku, na wanabishana mpaka wali unaungua. Alhamisi udi unawashwa, sura ya mwisho inasomwa. Kuchungulia mwisho ni mwiko. Huwaida aliwachukia waandishi wanaomleta muuaji ukurasa wa mwisho kama shemeji kutoka safari. Huo aliuita wizi. Muuaji wa haki, alisema, ni yule uliyekaa naye tangu mwanzo usimtazame. Na alikuwa hodari. Katika vitabu kumi alikosea kimoja, tena alikubali kwa shingo upande.

Katika kitabu cha wiki ile mtu alichomwa uma wa jikoni kooni. Jumamosi asubuhi paka wao alikutwa mlangoni, koo limetobolewa matundu manne. Wiki ya pili, muuaji wa kitabuni aliponda vichwa kwa mchi. Mbuzi wa jirani yao Ayubu akakutwa uani fuvu limefunguka, na mchi wa Huwaida umelala kando yake, una nywele na ubongo. Wiki ya tatu ilikuwa kisu. Ayubu mwenyewe, mtu mpole asiyejua hata kugombana na kuku, alilala barazani adhuhuri akaamka na kisu kinaingia ubavuni mara ya tatu. Alipona kwa kudura. Alisema hakuona mtu, damu ilimrukia machoni, ila alisikia harufu ya udi. Polisi waliwahoji mtaa mzima, isipokuwa Bimdogo, ajuza kipofu; huyo walimwamkia shikamoo tu wakaondoka.

Kitabu cha nne kilihusu mtu anayenyonga vikongwe vitandani mwao. Ilipofika Jumatano, muuaji alikuwa amesimama chumbani kwa bibi kizee mgonjwa, kamba mkononi, na sura ikaishia hapo. Huwaida akakifunga. "Sisomi tena," alisema. Aliogopa, na hakuona haya kuogopa.

Alhamisi hawakuwasha udi wala hawakupika kahawa. Alasiri ilipopita tu, harufu ya udi ikajaa chumba yenyewe, nzito, ina kitu kinachooza ndani yake, na karibu na kitanda cha Bimdogo mtu akavuta pumzi ndefu, pumzi ya mtu anayesubiri. Huwaida alipoinuka kukimbia alishikwa nywele kutoka nyuma, akaburutwa, akagongeshwa uso kwenye kabati mara moja, mara ya pili, mara ya tatu, jino likatoka, kioo kikapasuka na vipande vikamwingia shavuni, huku sauti isiyo na pa kutokea ikimwambia pole pole sikioni, bila hasira yoyote: "Imalize. Imalize. Imalize."

Shehe Idarusi aliletwa kutoka Kigombe siku ya pili. Aliuliza juu ya hodi, udi na kahawa, akatikisa kichwa.

"Mmemkaribisha wenyewe, mkamlisha, mkamsomea. Huyu hatoki kwa fimbo, mwanangu. Anaagwa. Msomee mwisho wake kama ulivyoandikwa, umwambie kwaheri. Usipunguze neno, usiongeze."

"Na huo mwisho ukiwa bibi ananyongwa? Asomewalo ndilo alitendalo, shehe!"

"Mimi nitakuwa mlangoni nasoma. Wewe soma kilichoandikwa."

Jumanne Huwaida alivunja mwiko wake akajaribu kuchungulia. Kitabu kikajifunga juu ya mkono wake kwa nguvu ya mlango, vidole viwili vikavunjika, na hakikufunguka mpaka alipoapa kwamba atasubiri siku yake.

Alhamisi ikafika. Udi ukafuka, vikombe vitatu vikamiminwa. Bimdogo alilala kitandani, mdogo kama jina lake, na nje ya mlango uliokomewa shehe alikuwa akisoma dua kwa sauti ya chini.

"Usiogope, mjukuu wangu," alinong'ona Bimdogo. "Mimi nimeshakula chumvi nyingi. Soma."

Huwaida akafungua ukurasa. Kona ya chumba ikavuta pumzi. Na hapo hapo, jicho lake halijagusa mstari wa kwanza, akaona amekwisha kuujua mwisho, kwa sababu vitabu kumi alikosea kimoja, kwa sababu muuaji mwenye kamba mbele ya kikongwe afanye nini kingine, na kwa sababu alimpenda bibi yake kuliko shehe yeyote na maonyo yake, akainua macho kutoka kwenye karatasi, akaitazama ile kona, akasoma kisichoandikwa: "Muuaji akaitupa kamba. Akaweka mikono yake shingoni mwake mwenyewe, akakaza, wala hakulegeza mpaka roho ilipotoka."

Kona ikanyamaza. Huwaida akacheka kwa ushindi, pengo la jino wazi.

Ndipo kitanda kikalia. Bimdogo alikuwa ameketi wima, mikono yake miwili yenye hina imeshika shingo yake mwenyewe, vidole vimezama mpaka kwenye kucha, macho meupe yamemtoka, na Huwaida akamrukia, akavuta vile vidole kwa mkono mzima na mkono mbovu, akaving'ata mpaka mfupa, akapiga kelele "Nimedanganya! Haikuandikwa hivyo! Nimedanganya!", na shehe akauvunja mlango, wakavuta wawili, mtu mzima na mtu mzima, dhidi ya ajuza asiyeweza kukamua tui, mpaka kitu kikavunjika ndani ya ile shingo na mikono ikalegea yenyewe.

Walipomwinua kwenda kumwosha wakakuta chini ya godoro lake uma na kisu, vimegandiwa na damu kavu.

Alizikwa Ijumaa baada ya sala. Watu walipotawanyika Huwaida aliingia chumbani peke yake, akakiokota kitabu. Kilifunguka bila ubishi. Sura ya mwisho ilikuwa na mistari mitatu tu. Aliisoma kwa sauti, kama ilivyoandikwa, bila kupunguza neno:

"Muuaji akamtazama bibi kizee aliyelala. Akaiweka kamba sakafuni. Akambusu mkono, akamwomba radhi, akatoka. Katika mji ule hakuonekana tena."

Kando ya kitanda kitupu mtu akashusha pumzi, ya mtu aliyetosheka. Nyayo zikapita mbele ya Huwaida taratibu, zikafika uani, na mlango ukafungwa kwa adabu.