Kisima Huchimbwa Kiangazi

Kila asubuhi Imakulata alifagia ua, akawamwagia kuku pumba, kisha akamsaidia mumewe kufunga vifaa kwenye baiskeli: sururu, koleo, ndoo mbili na kamba nene. Mumewe, Sylvester, alikuwa fundi wa visima. Kijiji kizima cha Ntalikwa kilimjua. Yeye alishuka shimoni kuchimba. Imakulata alibaki juu, akivuta udongo kwa kamba pamoja na shemeji yake, Adriano.

Kazi ilikuwa nyingi wakati wa mvua. Kuanzia Januari hadi Aprili, maji yalionekana upesi.

"Mita nne tu, mwenye kisima anacheka," Sylvester alipenda kusema.

Mwezi wa kumi, Bi Asmahani alikuja kutoka mjini. Mama huyu hupikia watu vyakula vya shughuli. Sylvester alikuwa amemchimbia kisima mwezi wa tatu mwaka uleule.

"Fundi, kisima kimekauka," alisema. "Jana nimepika pilau ya harusi kwa maji ya kununua."

"Ni mambo ya Mungu, bibi. Mvua zikija, maji yatarudi."

"Mvua zikija nitakinga maji ya bati. Kisima nilikitaka kwa siku kama hizi."

Sylvester akarudi kwenye vifaa vyake. Lakini Imakulata alibaki na swali. Maji yale yalikuwa yamekwenda wapi?

Wiki iliyofuata, mtaalamu wa maji aitwaye Mwanne alifika kutengeneza pampu ya shule. Imakulata akamfuata.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

"Naomba kuuliza. Kiangazi maji ya kisima huenda wapi?"

Mwanne akaweka spana chini. Swali lilimpendeza.

"Mvua ikinyesha, maji huzama ardhini mpaka yakutane na tabaka gumu. Hapo hujikusanya. Kwetu mvua hunyesha Novemba mpaka Aprili, kwa hiyo maji hupanda. Kuanzia Mei yanashuka. Fundi akichimba mwezi wa tatu, anayakuta yako juu, anaishia hapo. Yakishuka, kisima kinabaki kikavu."

"Hushuka kiasi gani?"

"Kila mahali na kiasi chake. Pima kisima chako. Funga jiwe kwenye kamba, piga fundo kila mita. Shusha asubuhi kabla hamjachota. Hesabu mafundo makavu, uandike."

Imakulata akaanza kupima kisima cha nyumbani kila tarehe mosi. Novemba, mafundo makavu yalikuwa tisa. Januari yalikuwa sita. Sylvester akacheka.

"Unakipima kisima kama mtoto wa kliniki."

Februari, Sylvester aliitwa kuchimba kwa mkulima mmoja wa tumbaku. Mvua ilikuwa imenyesha siku tatu mfululizo. Imakulata aliona ufa mwembamba kwenye ukingo wa shimo.

"Baba Recheli, toka humo," alimwita mumewe.

"Bado ndoo mbili."

Ndoo ya kwanza ilipofika juu, ukuta ukaporomoka. Udongo ukamfukia Sylvester hadi kiunoni. Kwa bahati alikuwa amejifunga kamba. Majirani wakaja mbio, wakavuta, naye akijifukua kwa mikono. Alitoka bila viatu. Walipofika nyumbani aliegemeza baiskeli ukutani.

"Twende kwa yule mama wa maji," alisema.

Mwanne aliwaeleza bila kumlaumu. "Udongo uliolowa ni mzito, tena haushikani. Chimbeni Septemba na Oktoba, ukuta ukiwa mkavu na maji yakiwa chini kabisa. Mkiyapata, msiishie hapo. Choteni huku mkichimba, mpaka mwende mita mbili ndani ya maji. Na mshushe pete za zege zizuie ukuta."

"Na wakati wa mvua tutakula nini?" Sylvester aliuliza.

"Mtalima. Mvua zikikatika, mtatengeneza pete."

Mwaka wao ukageuka. Walilima mahindi na karanga. Mwezi wa sita walivuna, wakaanza kumimina zege za pete. Septemba ilipofika, kazi ya kwanza ilikuwa kuongeza kina cha kisima cha Bi Asmahani. Walikuta maji mita ya tisa. Sylvester akaendelea mpaka mita kumi na moja, na pete zikashuka naye.

Oktoba ya mwaka uliofuata, jua likiwa kali, Imakulata alipita kwa Bi Asmahani. Alikuta masufuria matano jikoni na wanawake wakiosha mchele. Alishusha ndoo kisimani mwenyewe. Ikapanda imejaa, maji yakimwagika kwenye vidole vyake.

Februari, mtu mmoja kutoka Urambo alikuja kutaka kisima haraka.

"Sasa utapata maji," Sylvester alimwambia, "lakini Oktoba hutayaona. Rudi Septemba."

"Nani kakwambia hivyo, fundi?"

Sylvester akamgeukia mkewe, akamvutia mgeni kiti.

"Kaa hapa. Mama Recheli atakueleza maji yanakokwenda."