Mwizi wa Soda

Nyamizi hakuwahi kuiba kitu maishani mwake mpaka siku ile pale stendi ya Bariadi, msimu wa pamba, watu wamejaa na jua halina huruma. Mikono ilianza kumtetemeka, jasho likamtoka, akawa anaona wapiga debe wawili wawili. Mbele yake alisimama kijana mrefu wa shati la bluu, nyuzi za pamba zimemganda suruali nzima, anafungua soda ya machungwa. Nyamizi hakuomba. Aliikwapua akainywa yote.

“He! Dada, uko salama kweli?”

“Samahani, kaka. Nilikuwa na kiu.”

“Kiu gani hiyo? Hata ng'ombe wa Meatu hawanywi hivyo!”

Watu wakacheka, na yeye akacheka. Kijana aliitwa Limbu, mtu wa Kasoli, dereva wa kenta ya pamba. Alimtazama yule binti aliyevaa gauni la kitenge cha njano, kazi ya cherehani yake mwenyewe pale sokoni, wala hakudai soda yake. Alidai namba ya simu.

Kiu ilikuwa uongo. Nyamizi alikuwa na kisukari tangu utotoni, kile cha kujichoma sindano asubuhi na jioni, na siku ile sukari ilikuwa imeshuka; kitu kitamu tu ndicho kingeipandisha haraka. Angeweza kusema. Lakini mchumba wake wa kwanza, mtu wa Nyashimo, alipoambiwa tu alibadilisha namba ya simu, na Nyamizi akaapa kuwa hatamwambia mwanaume tena.

Basi mapenzi yakaanza. Limbu akipiga simu hata hasalimii.

“Haloo, naongea na mwizi?”

“Mwizi hayupo, kaenda kuiba.”

“Mwambie apitie na huku, kuna moyo wangu hauna mlinzi.”

“Mh! Maneno hayo umeyapakia na pamba?”

Tatizo ni kwamba kila akija alileta soda. Jamani, mwanaume anakuletea kwa upendo wote kitu kinachoweza kukulaza hospitali! Nyamizi alisema atakunywa baadaye, kisha akampa jirani yake Zena, muuza vitenge, mpaka Zena akaanza kulalamika kuwa magauni yanambana.

“Mwambie, shoga yangu. Siku moja utaanguka, hatajua akupe nini.”

“Akiondoka je?”

“Akiondoka, angalau mimi nitakonda. Mwambie.”

Hakumwambia. Limbu alipompeleka Kasoli akaonane na mama yake, Nyamizi alibeba chungu kidogo kwenye begi lake. Dawa yake ya sindano haitaki joto, na kwa kina Limbu hakuna friji, kwa hiyo alifanya kama nesi alivyomfundisha: kichupa ndani ya chungu chenye mchanga uliolowa, mdomo umefungwa kitambaa. Akakiweka uvunguni, sindano zake pembeni.

“Mwadila, mayu,” alimwamkia mama mkwe mtarajiwa kwa Kisukuma, magoti chini. Mama Limbu, mwanamke mfupi asiye na maneno mengi, alimkagua kuanzia kilemba mpaka viatu, kisha akatabasamu.

Lakini kesho yake ndama mmoja akafa zizini. Na shangazi yake Limbu, Domitila, akaingia kufagia chumba cha mgeni.

Yowe lilimkuta Nyamizi jikoni. Alipotoka mbio alimkuta shangazi uani, chungu mikononi, majirani tayari wanachungulia juu ya minyaa ya ua.

“Sindano! Mchanga wa makaburini! Huyu kaja jana, leo ndama kafa!”

Mambo ya kuitwa mchawi Nyamizi aliyasikia tangu utotoni. Alijua yanaanza na yowe moja tu, na alijua yanakoishia. Jirani mmoja alikuwa ameshaokota jiwe.

“Shangazi, naomba, usikitupe! Ni dawa!”

“Dawa gani inafichwa uvunguni?”

Akamtazama Limbu, aliyekuwa ametokea zizini. “Ya sukari. Nina kisukari.”

“Kisukari cha wenye vitambi? Wewe na wembamba huo?” Domitila akakibamiza chungu kwenye jiwe la kusagia.

Kichupa kilipasuka, dawa ikanywewa na vumbi. Hakuwa na kingine, na jioni alitakiwa kujichoma.

Limbu akamgeukia Nyamizi. “Kwa hiyo zile soda?”

“Alikunywa Zena.”

“Miezi yote hii! Ungenifia mikononi, Nyamizi, huku mimi nacheka?” Akainama, akaokota kitu mchangani, akawasha pikipiki. Aliondoka bila kumwangalia.

Nyamizi alipiga simu. Haipatikani. Akapiga tena. Haipatikani. Ndiyo yale yale ya Nyashimo, aliwaza, ila safari hii nimeachwa katikati ya watu wenye mawe. Mchana ukasogea, kinywa kikaanza kumkauka, na sasa kiu ilikuwa ya kweli. Alijua maana yake, sukari inapanda, akaogopa kufa.

Mama Limbu alitoka ndani na mkeka, akautandika mbele ya macho yote, akamketisha Nyamizi, akaketi naye bega kwa bega.

“Nendeni makwenu,” aliwaambia majirani. “Ndama alikuwa anaharisha tangu juzi, nyote mlimwona. Wewe, tupa hilo jiwe.”

Wakaondoka mmoja mmoja. Mama akampa maji.

“Inauma, hiyo sindano?”

“Nimezoea, mayu.”

“Kila siku?”

“Kila siku.”

“Na huna wa kumwambia. Pole, mwanangu.” Hapo Nyamizi akalia kwa sauti.

Jua lilikuwa linazama pikipiki iliporudi. Limbu alikuwa vumbi tupu, kakumbatia boksi lililofungwa taulo bichi.

“Niliokota kipande chenye karatasi ya jina,” alisema akihema. “Jina lenyewe siwezi hata kulitamka. Nimezunguka maduka ya dawa ya Bariadi yote nawaonyesha.”

“Na simu?”

“Ilikata chaji.”

“Nilijua umeniacha.”

“Kwenda, nilikuwa na hasira mpaka Bariadi. Kurudi nilikuwa naogopa tu nisikukute.”

Mama Limbu aliingia ndani, akatoka na chungu chake kidogo cha samli, kimeoshwa. “Domitila, wewe uliyevunja, kachote mchanga mtoni. Na cha mkwe wangu kitakaa sebuleni, siyo uvunguni.”

Domitila alikwenda akinung'unika, lakini alikwenda. Kilipowekwa mahali pake, Limbu akatoa soda ya machungwa, akaiweka pembeni.

“Limbu! Tena?”

“Wamenifundisha dukani. Siku sukari ikishuka, usiombe, iba.” Kisha akauliza: “Nyamizi, unakubali nikuoe?”

Nyamizi kwanza alivuta dawa kwenye sindano, na kwa mara ya kwanza maishani akajichoma mbele ya watu. Mama alimmulikia tochi. Limbu, mwanaume mzima, alifumba macho.

“Umemaliza?”

“Nimemaliza. Nakubali, ila hayo macho utajifunza kuyafumbua.”